Kibaba cha Mfuto

Wazee wa Ngamiani mjini Tanga, waliozijua zile barabara za namba tangu zilipokuwa mchanga mtupu, hawajasahau kwamba mchele katika maduka ya zamani haukupimwa kwa mizani bali kwa kibaba, na kwamba kibaba, ijapokuwa kilikuwa chombo kimoja cha ukubwa mmoja, kilikuwa na vipimo viwili: kibaba cha tele, ambacho nafaka ilirundikwa juu yake mpaka ikachongoka kama kichuguu, na kibaba cha mfuto, ambacho muuzaji alipitisha kijiti au kiganja juu ya ukingo wake, nafaka iliyozidi ikaanguka na uso wake ukabaki sawasawa. Vibaba vinne ni pishi, lakini pishi ya tele na pishi ya mfuto hazijapata kulingana hata siku moja. Mama aliyemtuma mwanawe dukani hakutosheka kujua kwamba mwenye duka ni mwaminifu. Alitaka kujua pia anapima kwa tele au kwa mfuto, kwa kuwa wenye maduka wawili waliweza kuwa wacha Mungu wote wawili, wasiopunja mtu, na bado mtoto wa jirani akarudi na mchele mwingi kuliko wa mwanawe kwa fedha ile ile.

Kisa hiki cha kibaba hunijia kila mwezi wa Novemba, vijana wa kidato cha nne wanapoingia katika vyumba vya mtihani, wa mjini Tanga na wa Pangani, wa Muheza na wa Mkinga, kila mmoja na kalamu yake na matumaini ya jamaa zake. Watu wetu wanapozungumza juu ya haki ya mitihani, huzungumza aghalabu juu ya maswali yaliyoibiwa na majibu yaliyonong'onwa dirishani, mambo ambayo ni maovu kweli na yanastahili kulaaniwa; lakini iko dhuluma nyingine isiyo na mwizi wala mla rushwa, isiyopigiwa kelele kwa sababu haina mtu wa kunyooshewa kidole, nayo ni ile inayotokea pale watahini wawili, waadilifu wote wawili, wanapozipima kazi mbili zilizo sawa, mmoja kwa tele na mwingine kwa mfuto. Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili katika wilaya ya Muheza kwa miaka mingi, nimesahihisha karatasi nisizoweza kuzihesabu, na katika mambo yote ya kazi ile hakuna lililonisumbua dhamiri kuliko hili.

Pwani hii ya Tanga iliijua shule ya serikali mapema kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, maana Wadachi walifungua yao hapa mjini katika miaka ya 1890, na vijana waliohitimu humo wakawa makarani, walimu na maakida. Basi tangu zamani zile watu wa hapa walikwisha kutambua kwamba karatasi ya mtihani yaweza kumhamisha mtu kutoka maisha ya namna moja hadi maisha ya namna nyingine. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji kilicho kusini mwa mji huu, alipohitimu masomo yake mjini Dar es Salaam mwaka 1926, alitoka wa pili katika jumla ya watahiniwa 11. Idadi hiyo nataka msomaji aitazame vizuri. Kazi za watu 11 mtahini mmoja aweza kuzisoma kwa mchana mmoja, akazitandaza zote mezani, akairudia ya kwanza baada ya kuisoma ya mwisho, akaikuza hii na kuipunguza ile mpaka moyo wake utulie; kibaba ni kimoja na mkono ni mmoja. Mwaka 2012 waliofanya mtihani wa kidato cha nne nchini walikuwa takriban 400,000. Hapo hapana mkono mmoja wala mchana mmoja. Hapo pana mamia ya walimu, waliotoka Kagera na Mtwara na Tanga na Rukwa, kila mmoja na kibaba chake alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Nami nilikuja na changu. Mwaka wangu wa kwanza wa kusahihisha mtihani wa majaribio nilipewa insha 40 juu ya ukataji wa mikoko, mada inayomgusa kila mtoto aliyekulia karibu na bahari, na kila insha ilikuwa na alama 20. Nilianza baada ya Alasiri nikiwa na nguvu na hamu ya kazi, nikamaliza usiku sana, mwanga wa chemli umefifia na shingo inaniuma. Siku nne baadaye, asubuhi, kabla alama hazijapelekwa kunakohusika, shaka ikaniingia bila sababu niliyoweza kuitaja. Nikachukua insha 10 katika zile 40, nikazifunika alama nilizoziandika kwa vipande vya karatasi, nikazisahihisha upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuziona. Nilipoviondoa vile vipande, insha 3 tu zilikuwa zimepata alama zile zile. Moja, ambayo usiku ule niliipa 9, asubuhi hiyo niliipa 14. Hakuna aliyenihonga, sikumjua mwandishi wake, sikuwa na chuki na mtu. Na bado mtoto yule angalishindwa kwa mkono wangu wa usiku na kufaulu kwa mkono wangu wa asubuhi.

Baadaye sana nilijua kwamba jambo lililonipata mimi liliwahi kupimwa na wanachuoni katika nchi nyingine, wakalikuta ni kubwa kuliko walivyodhani. Marekani, mwaka 1913, Daniel Starch na Edward Elliott walitoa nakala za karatasi moja ya jiometri, somo ambalo kila mtu huliona kuwa halina ubishi, wakawapa walimu zaidi ya 100 waisahihishe. Alama zilizorudi zilianzia chini ya 30 na kuishia juu ya 90 katika 100. Uingereza, katika miaka ya 1930, Sir Philip Hartog na E. C. Rhodes walizichukua karatasi 15 za Historia ambazo watahini wenyewe walikuwa wamekwisha kuzipa alama moja zote, wakawapa watahini 15 wenye uzoefu. Kisha, baada ya kupita mwaka mmoja au zaidi, wakawarudishia 14 katika wao karatasi zile zile bila kuwakumbusha walivyohukumu mwanzo. Hukumu zilizolinganishwa zilikuwa 210, na katika 92 mtahini alijipinga mwenyewe, akamfaulisha aliyekuwa amemwangusha au akamwangusha aliyekuwa amemfaulisha, au akampandisha ama kumshusha daraja. Na hawa ndio waliokuwa wakiaminiwa ulimwenguni kote. Kwani hata baada ya hapo karatasi za vijana wa sekondari wa Tanganyika zilipakiwa melini kwenda Cambridge, zikasahihishwe na watu ambao hawajapata kuuona mkoko wala mnazi.

Safari ile ya karatasi ilikoma. Mwaka 1968 mitihani ikawa chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1971 Tanzania Bara ikajitoa humo, na kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo watu wamezoea kuliita NECTA. Kuwatahini watoto wetu wenyewe ulikuwa uhuru wa namna yake, lakini pamoja na uhuru ule tulirithi taabu ile ile ya kibaba, na njia ambazo Baraza na walimu wameitafutia dawa zinastahili kujulikana na kila mzazi, kwa sababu wazazi wengi hudhani kwamba karatasi ya mtoto wao husomwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani, akaandika alama kama apendavyo.

Kwanza, mtahiniwa hana jina. Karatasi yake hubeba namba ya kituo na namba yake mwenyewe, wala msahihishaji hajui kama aliyeiandika ni binti wa Korogwe au kijana wa Songea, Mkristo au Mwislamu, mtoto wa tajiri au yatima. Pili, kabla ya kalamu nyekundu kugusa karatasi yoyote, uko mwongozo wa usahihishaji, ambao rasimu yake huandikwa na yule yule aliyetunga swali, maana asiyejua jibu analolitaka hana haki ya kuuliza. Lakini mwongozo ulioandikwa mezani, hata uwe mzuri namna gani, haujui mambo yote ambayo watoto wanaweza kuyaandika, na kwa hiyo wakuu wa somo husoma kwanza karatasi kadhaa za kweli, wakakutana na majibu ambayo mtunga swali hakuyawaza, mengine mabaya, mengine mazuri kuliko lile alilolitegemea, wakaurekebisha mwongozo upate kuyaenea. Tatu, na hili kwangu ndilo kiini cha kazi yote, wasahihishaji wote wa somo hukalishwa pamoja wakapewa nakala za karatasi zile zile, kila mtu akasahihisha peke yake, kisha alama zikasomwa kwa sauti.

Aliyepata kuketi katika kikao cha namna hiyo hawezi kukisahau. Mwalimu mzima, mwenye mvi na wanafunzi waliokwisha kuwa madaktari, husimama akasema amempa mtoto 6, na binti aliyehitimu chuo juzi husimama akasema amempa 2, na wote wawili huulizwa neno moja tu: wapi? Hapo hakuna cheo wala umri. Husomwa mstari, hutazamwa mwongozo, mtu akaonyesha kwa kidole kile alichokiona na mwenzake hakukiona. Mara nyingi aliyetoa alama nyingi amezitoa kwa huruma, na aliyetoa chache amezizuia kwa sababu ya kosa ambalo swali halikuliuliza. Kikao hicho chaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na wasiojua husema kwamba ni siku ya posho iliyopotea bure. Mimi husema hakuna siku iliyo na kazi nyingi kuliko hiyo, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo kijiti cha mfuto hupitishwa juu ya vibaba vyote mara moja.

Nitoe mfano kutoka kwetu. Chukua swali linalomtaka mtahiniwa aikamilishe na kuieleza methali ya asiyesikia la mkuu. Mtoto mmoja huandika kwamba huvunjika guu, kama ilivyo katika vitabu vingi. Mtoto wa Tongoni au wa Kigombe, aliyeisikia kwa bibi yake kabla hajajua kusoma, huenda akaandika asosikia la mkuu huona makuu, nayo ni methali ile ile, imesemwa kwa ulimi wa Mrima. Msahihishaji aliyekulia bara, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukijua vizuri, ataiona asosikia kuwa ni kosa la tahajia, na huona makuu kuwa ni jibu la kubahatisha. Msahihishaji wa pwani atatabasamu na kumpa mtoto alama zake zote. Nani ana haki? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kwa kazi ya Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, nasi walimu wa Tanga tumekitumikia kwa moyo mweupe; lakini lahaja hizi hazikufa kwa kuachwa nje ya sanifu, na Kimtang'ata chetu kilistahili hata kuandikiwa kitabu na W. H. Whiteley mwaka 1956. Kwa rai yangu, swali linalopima ujuzi wa methali lapaswa kuzipokea sura zote mbili, na swali linalopima usanifu wa lugha lapaswa kuidai sura ya sanifu; lakini rai yangu si kitu. Kitu ni kwamba jambo hili liamuliwe mezani, mbele ya wote, likaandikwa katika mwongozo, ili mtoto wa Kigombe asifaulu kwa sababu tu karatasi yake iliangukia kwa mtu wa Pangani, wala asianguke kwa sababu iliangukia kwa mtu wa Mbeya.

Katika Hesabu jambo ni lile lile ijapokuwa sura yake ni nyingine. Mkulima ana minazi 240, kila mmoja umezaa nazi 35, naye auza kila nazi kwa shilingi 400. Atapata kiasi gani? Jibu ni shilingi 3,360,000. Mtoto mmoja amezidisha 240 kwa 35 akapata 8,040 badala ya 8,400, kisha akaizidisha 8,040 kwa 400 bila kosa, akapata shilingi 3,216,000. Mtahini mwenye haraka hutazama mstari wa mwisho, akaona jibu si lenyewe, akaandika sifuri. Mwongozo wa haki humtoza mtoto huyu kosa moja mara moja, kwa kuwa njia aliijua yote na hatua ya pili aliifanya sawasawa kwa namba aliyokuwa nayo mkononi. Kumwadhibu mara tatu kwa tarakimu zilizobadilishana mahali ni kumhukumu mtu kwa wizi wa mbuzi, kisha kwa wizi wa kamba yake, kisha kwa wizi wa kivuli chake.

Kazi yenyewe ikianza, wasahihishaji hugawanywa kwa maswali. Kundi hili halitazami ila swali la kwanza, kundi lile halitazami ila la pili, na kijitabu cha majibu hupita mkono hadi mkono mezani, kwa utaratibu ambao walimu huufananisha na mkanda wa kiwandani. Utaratibu huu una manufaa mawili ambayo mzazi hayaoni. Mtu anayesoma jibu la swali moja mara mia kadhaa huliweka kichwani kama mwenye duka anavyokijua kibaba chake, hata hahitaji tena kuutazama mwongozo. Na kijana aliyelijibu la kwanza kwa uzuri hawezi kumteka msahihishaji wa la pili, wala aliyelivuruga la kwanza hawezi kumchosha wa la pili, kwa sababu huyo wa pili hakuliona. Nyuma yao huja kiongozi wa kundi, ambaye huchomoa karatasi chache katika kila furushi akazisahihisha upya, na akiona mtu ameanza kupotoka humwita kando kwa upole, wakarudi pamoja nyuma mpaka mahali alipoanzia kupotoka. Nyuma ya kiongozi wako wanaojumlisha na wanaohakiki majumlisho, maana si watoto wachache waliopata kudhulumiwa na 7 iliyosomwa kuwa 1.

Laiti ningaliweza kusema kwamba baada ya haya yote kibaba kimenyooka kabisa. Mtu ni mtu. Mwandiko mzuri humlainisha hata yule aliyeapa kutoutazama, na mwandiko wa kuparaganya humkasirisha hata mstahimilivu. Karatasi ya wastani iliyotangulizwa na tatu mbovu huonekana dhahabu, na iliyotangulizwa na tatu bora huonekana taka. Jua la mchana katika chumba cha darasa lililofungwa kwa likizo, ambamo watu 30 wameinamia meza tangu asubuhi, lina nguvu yake juu ya uadilifu wa mtu. Na huruma, ambayo katika mambo mengine ya maisha ni fadhila, katika chumba hiki ni hatari kuliko ukali, kwa sababu mkali hujulikana upesi na kuonywa, ilhali mwenye huruma hujiona anafanya thawabu. Alama mbili unazomwongezea mtoto mmoja kwa sababu insha yake imekuliza machozi humnyang'anya nafasi ya kidato cha tano mtoto mwingine usiyemwona, ambaye hakuwa na kisa cha kuliza.

Katika pwani yetu kuizuia huruma kwenye hukumu si jambo geni. Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, aliyekuwa kadhi wa Tanga na akaandika kitabu juu ya mirathi, alikuwa akifanya kazi ambayo ndani yake machozi hayana fungu. Mke aliyeachwa na marehemu mwenye watoto ana thumuni yake. Awe alimpenda mumewe au walikuwa wakigombana kila siku, thumuni haiongezeki wala haipungui. Watu waliogombea mali huondoka barazani kwa kadhi wamenuna, lakini wamenunia hisabu, hawakumnunia kadhi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akilijua fungu lake kabla hajaingia mlangoni. Mtahini naye anapaswa kufikia hapo, kwamba aliyeshindwa akitaka kuonyeshwa alipokosea aonyeshwe. Na kwa hili Baraza limefanya jambo jema sana kutoa kila mwaka, somo kwa somo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambamo vipande vya majibu mazuri na mabaya huchapishwa pamoja na sababu zake. Huzuni yangu ni kwamba nimeingia katika vyumba vya walimu vingi nisizione.

Hata hivyo yote niliyoyasema mpaka hapa ni ya kalamu ya msahihishaji, na uko mfuto mwingine unaopitishwa baada ya kalamu kuwekwa chini, nao uliliza nchi nzima mwaka 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi wa Februari, watahiniwa 240,903, yaani zaidi ya asilimia 60, walikuwa wamepata daraja sifuri. Nakumbuka ukimya uliokuwa mitaani siku ile; ulikuwa kama ukimya wa msiba. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, ikaongozwa na Profesa Sifuni Mchome, na tume ikatazama mambo mengi ya shule zetu, walimu na vitabu na maabara. Lakini katika yale iliyoyakuta lilikuwapo hili, kwamba mipaka ya madaraja, yaani alama ngapi ziitwe A na ngapi ziitwe D, ilikuwa imepangwa kwa utaratibu mpya usiobadilika, ilhali katika miaka iliyotangulia alama zilikuwa zikioanishwa kwanza kwa kutazama ugumu wa mtihani wa mwaka ule. Mwezi wa Mei serikali ikayafuta matokeo, alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na kiwango cha kufaulu kikapanda kutoka asilimia 34.5 hadi asilimia 43.08.

Msomaji atafakari hapo. Hakuna karatasi iliyosomwa upya. Alama alizoandika msahihishaji wa Fizikia pembeni mwa jibu zilibaki zile zile, kwa wino ule ule mwekundu. Na maelfu ya vijana waliolala wameshindwa wakaamka wamefaulu. Siwalaumu waliotaka mipaka isiyobadilika, maana wana hoja yenye uzito: kuoanisha alama kila mwaka huweza kuficha kuporomoka kwa elimu, na A ya mwaka huu ikawa si A ya mwaka jana. Wala siwalaumu waliotaka kuoanisha, maana mtihani hauwezi kutungwa ukawa na ugumu ule ule kila mwaka, na mtoto hakuuchagua mwaka wake wa kuzaliwa. Ninalolishika ni moja: mwenye duka akitaka kuacha tele na kushika mfuto, na awaambie watu kabla hawajaleta vikapu vyao. Miaka iliyofuata ilituonyesha tena, pale wastani wa alama uliposhika mahali pa madaraja mwaka 2014, kisha madaraja yakarudishwa mwanzoni mwa 2016, na katika vijiji vya Pangani nilikutana na wazazi wenye vyeti viwili vya watoto wawili wa tumbo moja, wasioweza kusema yupi amemshinda mwenzake.

Watu husema kwamba mashine itatuponya. Tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua ya mtihani wa darasa la saba husomwa na mashine, mtoto akitia kivuli kwa penseli katika herufi anayoichagua, nayo mashine haichoki, haina huruma, haijui mwandiko, na kwa hakika imeondoa hitilafu nyingi nilizozieleza. Naikubali. Lakini mashine hupima lile tu linaloweza kutiwa kivuli, na mtoto aliyefundishwa miaka saba kuchagua herufi huja kidato cha kwanza akiwa hajapata kuulizwa kwa uzito aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini maji hupwa na kujaa. Kibaba kilichonyooka kabisa cha kupimia pumba hakimfai mtu anayetaka mchele.

Na liko jambo la lugha ya mtihani, nalo ni zito kwetu. Kijana anayeijua Biolojia yake kwa Kiswahili huulizwa kwa Kiingereza na kujibu kwa Kiingereza kilichovunjika, na msahihishaji, ambaye mwenyewe alipitia njia hiyo hiyo, hulazimika kuamua kama sentensi ile mbovu imefikisha maana au haikuifikisha. Nimewasikia walimu wema wakigombana vikali juu ya hili. Mimi husema kwamba maadamu swali ni la Biolojia, alama ni za Biolojia, na kosa la sarufi lisilogeuza maana lisitozwe. Lakini hapa tena sharti neno litoke katika mwongozo, lisitoke katika kifua cha mtu, kwa kuwa kifua cha mmoja ni kipana na cha mwingine ni chembamba.

Na kibaba hakiishii katika chumba cha mtihani: Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitutaka tusimhukumu mtoto kwa mtihani wa siku moja tu, bali kazi zake za darasani na mwenendo wake vihesabiwe pia. Azma njema, ambayo iliuhamishia ukadhi wa mtihani katika kila shule, na kwa hiyo kila mwalimu wa somo, hata yule aliye peke yake katika shule ya kata huko Mkinga, amekuwa mtahini wa taifa bila kuketi katika kikao chochote cha kuoanisha. Kwa huyo nalisimulia lililobaki katika kisa changu cha insha za mikoko, kwa kuwa halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

Ile insha iliyopata 9 na 14 niliichukua mkononi nikaenda nayo kwa mwalimu mwenzangu aliyenizidi umri kwa miaka 20, nikamwamkia shikamoo, nikamwekea mambo yote mbele yake. Aliisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizi alama 5 leo umempa kwa lipi, na usiku ule ulimnyima kwa lipi?" Nikakosa jawabu. Hakunilaumu. Alivuta karatasi nyeupe, akaandika juu yake: muundo 3, hoja 5 za alama mbili mbili, yaani 10, ufasaha wa lugha 4, tahajia na vituo 3, jumla 20. Tukaisahihisha kila mmoja peke yake kwa karatasi ile, yeye akapata 12, mimi nikapata 14. Tukabishana juu ya zile mbili kwa muda mrefu, maana nilidai kwamba mtoto alipoandika kuwa kaa wamehama ametoa hoja ya tano, naye akadai ni ile ile hoja ya tatu ya samaki imevalishwa kanzu nyingine, na mwisho nikaona kwamba kweli ni ile ile. Tukaandika 12, na chini ya mwongozo wetu tukaongeza mstari mmoja kwamba viumbe vya bahari vyote ni hoja moja. Kisha tukazifuta alama zote nilizozitoa usiku ule, insha zote 40, tukaanza na ya kwanza. Ilipoadhiniwa Magharibi tulikuwa tumefika ya 6.